Commodore 1541: draivu ya disketi iliyojigonga hadi ikapotea njia

Commodore 1541 ni draivu ya disketi za inchi 5.25 iliyoingia sokoni mwaka 1982 pamoja na kompyuta ya Commodore 64. Kwa nje ni sanduku zito lenye taa nyekundu. Ndani mna kompyuta kamili, yenye prosesa yake ya 6502 na kumbukumbu ya kilobaiti 2, inayopokea amri kwa kebo na kuzitekeleza yenyewe. Upande mmoja wa disketi ulibeba takriban kilobaiti 170, zilizopangwa katika njia 35 za duara.

Pamoja na akili hiyo yote, 1541 ilikuwa goigoi, na programu kubwa ilichukua dakika mbili au zaidi kupakiwa. Chanzo kilikuwa chipu ya 6522 ya kompyuta iliyotangulia, VIC-20. Ilikusudiwa isukume data haraka kwenye kebo, ikaonekana ina kasoro, kazi hiyo ikaachiwa programu ihesabu biti moja moja. Commodore 64 ikazidisha tatizo: chipu yake ya picha huikatiza prosesa, hivyo draivu ikapunguzwa mwendo zaidi. Walionufaika ni watengenezaji wengine, kama Epyx waliouza Fast Load, katriji ya kuharakisha upakiaji.

Ugonjwa uliovuma zaidi ni wa kichwa cha kusomea. Matoleo ya awali hayakuwa na kihisi cha kuonyesha kichwa kiko njia ipi. Draivu ikipotea, ilikirudisha kichwa nyuma hatua nyingi kuliko zilizopo hadi kigonge kizuizi, kisha ikaanza kuhesabu upya. Mlio wake, trrrr, wenye mashine hiyo waliujua vizuri. Kwa matumizi ya kawaida kugonga huko kungetokea mara chache. Lakini wauzaji wa michezo, wakitaka kuzuia watu kunakili, waliweka makosa ya makusudi kwenye disketi zao, na kila kosa likakipeleka kichwa kizuizini. Puli inayokivuta ilikuwa imebanwa tu kwenye ekseli ya mota. Kwa kugongwa na kwa joto ikateleza kidogo kidogo. Joto nalo lilikuwa jingi, maana transfoma ilikaa ndani ya sanduku lisilo na feni. Uamuzi wa kubana gharama uliwaangukia wateja, na mafundi wakapata kazi ya miaka.

Dalili ya puli kuteleza haifichiki: draivu husoma disketi ilizoziandika yenyewe, lakini hukataa zilizoandikwa kwenye draivu nyingine. Kabla ya kulaumu puli, kichwa husafishwa kwanza kwa pamba yenye spiriti safi isiyo na mafuta, kwa sababu uchafu huleta makosa yaleyale. Kitambaa kidogo kinachoigandamiza disketi kwenye kichwa hukaguliwa pia, na reli za kichwa hupakwa mafuta kidogo mno. Disketi yenye ukungu isiingizwe kabisa. Itakichafua kichwa upya, na huenda ikachubuka yenyewe.

Hatua inayofuata ni mwendo. Disketi inatakiwa kuzunguka mara 300 kwa dakika. Chini ya gurudumu linaloendeshwa na mkanda kuna mistari ya kupimia: chini ya taa ya umeme wa Hz 50 au Hz 60, mistari ya kipimo husika huonekana imesimama mwendo ukiwa sawa. Mkanda uliolegea hubadilishwa. Taa nyekundu isiyozimika tangu draivu inapowashwa, mota ikiendelea kuzunguka, huelekeza kwenye chipu au umeme wa ndani. Mara nyingi chipu hizo huuawa na mtumiaji mwenyewe, kwa kuchomoa au kuchomeka kebo mashine ikiwa imewashwa. Anayefungua sanduku achomoe plagi kwanza, kwani umeme wa ukutani unaingia hadi ndani.

Kulinganisha kichwa huja mwisho. Skrubu za mota ya kichwa hulegezwa, mota huzungushwa kiasi kidogo sana huku disketi halisi ya kiwandani ikisomwa, kisha hukazwa. Lakini disketi zilizoandikwa kichwa kikiwa kimepotoka huenda zisisomeke tena baada ya hapo. Kwa hiyo zinakiliwe zote kabla bisibisi haijagusa skrubu hizo.