Kuushuka Mto Rufiji kwa Boti

Anayeushuka Mto Rufiji kwa boti hana haja ya kuharakisha, kwani mto wenyewe hauna haraka. Ukishaliacha Bwawa la Julius Nyerere, maji hutanuka, yakajigawa katika mikono na maziwa, mivumo imesimama kandokando na viboko wanachungulia. Watalii wengi huishia hapo. Hupiga picha, wakarudi kambini. Wanaikosa sehemu yenye uzito wa safari, maana historia kubwa ya mto huu iko chini zaidi.

Kusini mwa mto kuna Ngarambe. Huko ndiko Kinjikitile Ngwale alikowagawia watu maji ya dawa, akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Walimiminika kwake kutoka mbali. Walikuwa wamechoshwa na kodi, na mijeledi, na zaidi ya yote pamba waliyolazimishwa kulima huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mipamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini vita viliendelea bila yeye hadi 1907, vikafika Ungoni.

Kisha mto huingia kwenye mikoko ya delta. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti hapa, yakazipeleka Unguja, Lamu na hadi Uarabuni, zikatumika kuezekea majumba ya mawe. Mikoko hiyohiyo iliificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 1914. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwenye maji ya kina kifupi. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, meli za kina kidogo, zikaimaliza tarehe 11 Julai 1915. Hata hivyo Wajerumani waliitoa mizinga yake, wakaiburuta bara na kupigana nayo. Mmoja hadi leo uko Mombasa, Fort Jesus.

Ndugu zetu mnaoongoza watalii, mnawaonyesha wageni upande lilipo kaburi la Frederick Selous, Mwingereza aliyeuawa Beho Beho Januari 1917 na ambaye pori lote la hapa lilipewa jina lake. Ni haki yake. Waonyesheni pia upande iliko Ngarambe, na mlitaje jina la Kinjikitile.