Ifahamu "Africa United": watoto watano safarini, na kwa nini watazamaji hawakubaliani

Africa United ni filamu ya mwaka 2010 inayosimulia safari ya watoto kutoka Rwanda hadi Afrika Kusini kuwahi ufunguzi wa Kombe la Dunia. Ni filamu ya kuchekesha na kutia moyo, lakini ndani yake kuna Ukimwi, vita, na binti anayekimbia kutumiwa kingono. Tulipoizungumzia hewani, simu na meseji zilizotufikia kutoka Mutuka na kata jirani zilivutana. Wapo waliotaka watoto wao waione, na wapo waliosema filamu ya namna hiyo inafundisha watoto kutoroka nyumbani.

Hapa tunaeleza filamu yenyewe ni ipi, watu wanasifu nini na wanalalamikia nini, na mzazi afanye nini kabla ya kuwaachia watoto simu au flashi.

Filamu inahusu nini?

Fabrice ni kijana wa familia yenye uwezo, hodari wa mpira. Rafiki yake Dudu ni yatima wa Ukimwi, mwenye maneno mengi na mipango mingi, anayejiona meneja wa Fabrice. Fabrice anaalikwa kwenda kufanyiwa majaribio ili ashiriki sherehe za ufunguzi wa Kombe la Dunia. Mama yake anataka asome. Dudu anataka waende.

Wanaondoka pamoja na Beatrice, mdogo wake Dudu, ambaye ndoto yake ni udaktari. Wanapanda gari ambalo silo, wakashtuka wako Kongo. Njiani wanaungana na Foreman George, kijana aliyekuwa askari mtoto, na Celeste, binti anayetoroka maisha ya kutumiwa na wanaume. Mwisho wake hatutausimulia.

Safari hiyo ni ya karibu kilomita 4,800, katika nchi saba. Kwa msikilizaji wa Babati, ni sawa na kwenda Arusha na kurudi mara 14.

Nani waliitengeneza?

Mwongozaji ni Debs Gardner-Paterson wa Uingereza, na hadithi iliandikwa na Rhidian Brook. Miongoni mwa watayarishaji yumo Mnyarwanda Eric Kabera, ambaye pia alianzisha tamasha la filamu la Rwanda linalobeba skrini hadi vijijini, kwenye vilima, ili watu waone filamu bila kusafiri kwenda mjini.

Dudu aliigizwa na Eriya Ndayambaje na Fabrice aliigizwa na Roger Nsengiyumva, aliyezaliwa Kigali mwaka 1994 na kukulia Norwich, Uingereza. Celeste aliigizwa na Sherrie Silver, ambaye mwaka 2018 alijulikana duniani kwa kupanga uchezaji katika video ya "This Is America" ya mwanamuziki Childish Gambino.

Filamu ilioneshwa kwanza kwenye tamasha la Toronto, Kanada, Septemba 2010, kisha ikaingia kumbi za Uingereza Oktoba mwaka huohuo. Kombe la Dunia lenyewe, la kwanza kufanyika Afrika, lilikuwa limefunguliwa Juni 11 kwenye uwanja wa Soccer City, Johannesburg, Afrika Kusini ikitoka sare ya 1-1 na Mexico.

Kwa nini wengi wanaipenda?

Kwanza, watoto ndio wanaoamua mambo. Filamu nyingi za nje kuhusu Afrika humweka mgeni katikati, Mwafrika akibaki wa kuonewa huruma. Hapa hakuna mgeni anayekuja kuwaokoa. Dudu na wenzake wanapanga, wanakosea, wanacheka na kubebana.

Pili, ni mpira. Filamu inafungua kwa Dudu akionesha namna ya kutengeneza mpira kwa kutumia kondomu na kamba. Aliyecheza chandimu hahitaji kuelezwa. Kwetu tulifunga matambara na mifuko ya nailoni kwa kamba ya katani, mpira ukadunda hadi jioni.

Tatu, ni urafiki usiochagua. Mtoto wa tajiri, yatima, aliyeshika bunduki na aliyetumiwa vibaya wanakula pamoja. Mama mmoja wa Mutuka alitueleza kwamba hilo pekee linatosha yeye kuwaonesha wajukuu wake, kwa sababu shuleni kwao bado kuna watoto wanaotengwa.

Kwa nini wengine hawaridhiki?

Lalamiko la kwanza ni kwamba sukari imezidi. Mipaka inavukwa kwa urahisi, hatari inapita haraka, na kicheko kinarudi kabla machozi hayajakauka. Anayejua Kongo ya mashariki, au aliyelea mtoto aliyepitia vita, anaweza kuhisi kwamba maumivu yamepunguzwa ili mtazamaji atoke ukumbini akitabasamu.

Lalamiko la pili ni lugha. Watoto hao kwa sehemu kubwa wanazungumza Kiingereza. Ni kweli kwamba mwaka 2008 Rwanda iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni, lakini watoto wawili wa Kinyarwanda wakiwa peke yao njiani wangeongea Kinyarwanda. Lugha hiyo inaonesha filamu ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya nani.

Lalamiko la tatu ndilo zito kwetu, nalo ni barabara.

Barabara ya kwenye filamu na barabara ya kwetu

Babati ni njia panda. Hapa barabara ya kutoka Arusha inakutana na ya Singida na ile ya Kondoa hadi Dodoma. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa Aprili 2018 pale Bonga, na ni sehemu ya njia kuu inayotajwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Kwa hiyo safari ya kwenye filamu si ya mbali kwetu. Mtoto wa Mutuka anayaona magari ya kwenda mbali kila siku.

Na watoto wanaondoka kweli. Wapo wanaofuata kazi za ndani mijini. Wapo wanaofuata madini. Mirerani iko mkoani kwetu, wilaya ya Simanjiro, na kwa miaka mingi migodi ya Tanzanite ilijulikana kwa wavulana waliopewa jina la "nyoka," kwa sababu miili yao midogo ilipita kwenye mashimo membamba ambayo mtu mzima hapiti. Hakuna aliyewangoja na sherehe uwanjani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, uchimbaji madini ukiwemo.

Kwa hiyo mzazi anayeogopa filamu hii si mshamba. Anajua kwamba katika filamu mwandishi ameshika usukani, na anajua kwamba standi hakuna mwandishi.

Je, watoto wasiione?

Maoni yetu ni kwamba waione, ila wasiione peke yao. Mtoto hahitaji filamu ili aijue barabara. Anaijua tayari. Anachokosa mara nyingi ni mtu mzima wa kuzungumza naye kuhusu barabara hiyo bila kumfokea, na filamu inampa mzazi mahali pa kuanzia.

Mazungumzo wakati wa kutazama si jambo geni kwetu. Mwaka 1935 hadi 1937 kulikuwa na mradi wa filamu wa kikoloni ulioweka makao yake Vugiri, milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu kama 35 za mafunzo na kuzizungusha kwa lori katika Afrika Mashariki, sauti ikitoka kwenye sahani za santuri. Wageni walipanga wananchi waelewe nini. Miaka mingi baadaye, katika vibanda umiza, mambo yaligeuka. Watafsiri kama marehemu Lufufu walisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, wakachekesha, wakaonya, wakafananisha na maisha ya mtaani. Mtazamaji akapata filamu pamoja na mtu wa kuifafanua.

Mzazi anaweza kufanya kazi hiyo hata kama Kiingereza chake ni kidogo. Si lazima kutafsiri kila neno.

Ukikaa nao, fanya hivi

- Itazame kwanza mwenyewe. Ni chini ya saa moja na nusu tu. Kuna masuala ya ngono na vita ambayo mtoto mdogo hatayaelewa, kwa hiyo amua umri kulingana na watoto wako.
- Simamisha pale wanapopanda gari lisilo lao. Waulize: ungekuwa wewe, ungemwambia nani? Wafundishe kutaja jina kamili la mzazi, kata, kijiji au mtaa, na namba ya simu kwa kichwa.
- Wafikapo kwa Celeste, waeleze kwamba mtu anayeahidi kazi nzuri mjini na kutaka iwe siri anastahili kutiliwa shaka, hata akiwa ndugu.
- Waulize kama kuna jambo nyumbani linalomfanya mtoto atamani kuondoka, kisha usikilize. Jibu laweza kuwa ada, kipigo, au njaa.

VVU: filamu imepitwa na wakati?

Mmoja wa watoto hao ana virusi vya Ukimwi, na ugonjwa unaingia katika hadithi kwa uchungu. Tunataka wasikilizaji wasitoke hapo wakidhani VVU kwa mtoto ni hukumu ya kifo. Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bure mwaka 2004. Mtoto anayeanza dawa mapema na kuzimeza kila siku anasoma, anacheza mpira na kuwa mtu mzima.

Mjamzito hupimwa kliniki, na akikutwa na maambukizi huanzishiwa dawa ili kumkinga mtoto. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anatakiwa kupimwa anapofikisha wiki sita. Kama mmekosa kipimo hicho, msikae nyumbani kwa aibu. Nendeni kituo cha afya, muulizie kliniki ya CTC.

Ukiona mtoto yuko peke yake standi

Usimpite. Mkalishe mahali penye watu, mpe maji, muulize jina na anakotoka, kisha mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Unaweza pia kupiga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, kutoka mtandao wowote. Usimpakie kwenye gari kumrudisha kabla hujajua alikimbia nini.

Dudu na wenzake walifika mbali kwa sababu walikuwa watano na hawakuachana. Mtoto anayeondoka Babati alfajiri, mara nyingi yuko mwenyewe na mfuko mmoja wa nguo. Anayemwona wa kwanza ni kondakta, mama lishe au dereva wa bodaboda, na huyo anaweza kuwa wewe unayesoma hapa.