Bundi, Panya na Sura ya Shamba

Leo tuzungumze habari za bundi. Najua wapo watakaoguna. Bundi akilia juu ya paa, mzee anasema jiandaeni kwa msiba, na kijana anatafuta manati. Hayo tuyaweke kando kidogo, tutazame historia yake mashambani.

Bundi tunayemsema ni yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, anayelala kwenye mashimo ya miti na mapaa ya maghala. Mwaka 1949 alianza kupelekwa visiwa vya Shelisheli kutoka huku bara la Afrika. Mashamba ya minazi kule yalisumbuliwa mno na panya, na wakubwa wakaona dawa ni bundi. Sasa sikilizeni yaliyotokea. Panya wa visiwani alijificha makutini na vichakani. Lakini kulikuwapo pia ndege weupe wa baharini wanaotaga yai moja tu juu ya tawi tupu, hata kiota hawajengi. Usiku ndege huyo huonekana kama nguo iliyoanikwa. Bundi ahangaike na panya kwa nini? Akala ndege, panya wakabaki. Baadaye serikali ikawa inatoa zawadi kwa anayeua bundi!

Twende Malaysia. Huko ndugu yake bundi huyu alikuwa nadra hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Michikichi ilipopandwa maeneo makubwa, panya wakafuata ngazi, na kati ya mistari ya michikichi pakawa na nafasi ya kuruka na kuwinda. Kilichokosekana ni mahali pa kuzalia, basi wakulima wakamtundikia masanduku ya mbao juu ya nguzo. Chakula chake kule kikawa karibu panya watupu. Ila katika miaka ya 1980, baadhi ya mashamba yalipotumia sumu kali mpya za panya, bundi nao walipungua, maana walikula panya waliokwisha kula sumu.

Mtu atauliza, haya yamejulikanaje? Bundi humeza panya mzima. Baada ya saa kadhaa hucheua donge la manyoya na mifupa, nalo huanguka chini ya mahali anapolala. Wataalamu huyaokota.

Na kwetu je? Huko Morogoro watafiti waliweka nguzo za kutulia na masanduku katika mashamba ya mahindi ili kuvuta ndege wawindaji. Matokeo yalichapishwa 2006: ndege hao hawakutosha kuzuia panya kuongezeka. Si ajabu. Jike wa panya shamba huweza kuzaa zaidi ya watoto kumi kwa mkupuo mmoja, na panya wa shamba la jirani huhamia kwako. Kwa hiyo mitego msiitupe, na majani ya kando ya shamba yafyekeni. Panya akikosa pa kujificha, bundi humwona.

Mkiona madonge chini ya mti, chukueni fimbo mchambue moja, kisha mnawe mikono. Fuvu lenye meno mawili marefu ya mbele, ya rangi ya manjano, ni la panya. Lenye mdomo mkali ni la ndege. Hesabuni.