Miaka 70 ya Ushirika wa Pamba: Shinyanga, Geita na Mizani ya Mkulima

Ukitaka kujua ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa ulizaliwaje, anzia kwenye mizani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ununuzi wa pamba Usukumani ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia, na wengi wao ndio waliokuwa na viwanda vya kuchambulia. Mkulima wa Shinyanga, Maswa au Geita alifika kituoni na mzigo wake, ukatundikwa, karani akatamka ratili, fedha zikahesabiwa, basi. Kama aliyotamka karani siyo yaliyosomwa na mizani, mkulima angejuaje? Malalamiko ya kupunjwa yalizagaa kila kituo, na jibu la kwanza la wakulima lilikuwa rahisi na la busara: wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, wasimame kando ya mizani na kusoma uzito kwa niaba ya wenye mali.

Kutokana na madai hayo ya uzito wa haki, mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha Victoria Federation of Cooperative Unions, VFCU, chenye makao yake Mwanza. Miaka 70 imetimia mwaka 2025, na wazee waliokuwa vijana siku zile ni wachache waliobaki. Historia hii inastahili kuandikwa wakiwa bado wapo wa kuisahihisha.

Jina linalotajwa kwanza ni la Paul Bomani. Kabla ya kujulikana Mwanza, Bomani alifanya kazi Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi wa almasi wa Williamson. Mwaka 1947 akaingia katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, na kutoka hapo akageukia wakulima. Alizunguka vijijini akihimiza watu waunde vyama vya msingi vya kununua pamba yao wenyewe, na mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Kisha akaenda kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough, Uingereza, na aliporudi akawa meneja wa VFCU. Baadaye alikuwa waziri, akashika Kilimo na kisha Fedha katika serikali za mwanzo za nchi yetu.

Msomaji wa leo huenda asitambue uzito wa kuunda ushirika wa wakulima kwa wakati ule. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilizuia matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa. Chama cha siasa kilifungiwa mlango, lakini mikutano ya ushirika iliendelea. Humo wakulima walijifunza kuchagua viongozi, kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na kumuuliza mwenyekiti maswali hadharani. Mwaka 1958, serikali ilipowalazimisha watu wa Geita kupokea baraza la wilaya la mseto wa rangi, maelfu walipinga, wakaandamana hadi Mwanza, na mwishowe mpango ule ukaachwa. Wengi wa waandamanaji hao walikuwa wakulima wa pamba.

Geita ina nafasi nyingine katika historia hii, ambayo husahaulika sana siku hizi wilaya hiyo inapotajwa kwa dhahabu peke yake. Huko Kasamwa ndiko ushirika ulikopata kiwanda cha kuchambulia pamba katika miaka ya mwanzo kabisa ya VFCU. Kwa mkulima, kumiliki kiwanda kulimaanisha kwamba nyuzi na mbegu vyote vilikuwa mali yake hadi vitakapouzwa. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni kama kilo 34. Zinazobaki karibu zote ni mbegu, na mbegu ina mafuta. Mwenye kuuza pamba mbegu tu anauza vyote hivyo kwa bei ya kimoja. Kufikia mwaka 1960 karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikipita katika ushirika, na VFCU ilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika.

Ukubwa huo ulikuja na maradhi yake. Ajira ziliongezeka kuliko kazi, hesabu zikachelewa, na baadhi ya watumishi wakaanza kumpunja mkulima kwenye mizani ileile iliyowaleta wakulima pamoja. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Baada ya uchunguzi huo VFCU ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza Cooperative Union. Kisha Mei 1976 vyama vikuu vyote vikafutwa nchi nzima, na pamba ikakabidhiwa Mamlaka ya Pamba. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote katika miaka hii 70. Wezi wa ushirika walistahili kushtakiwa. Badala yake aliyenyang'anywa chama alikuwa mkulima, ambaye hakuiba chochote.

Sheria ya mwaka 1982 ilifungua tena mlango, na mwaka 1984 vyama vikuu vikarudi. Nyanza ilihudumia Mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo Geita ilikuwa wilaya yake, na SHIRECU, Chama Kikuu cha Ushirika cha Mkoa wa Shinyanga, kilipewa eneo kubwa mno: Shinyanga yenyewe, Kahama, na pia Maswa, Bariadi na Meatu, ambazo leo ni sehemu ya Mkoa wa Simiyu. Marobota yalitoka kwenye viwanda vyake yakapandishwa kwenye mabehewa ya reli ile iliyounganisha Tabora na Mwanza tangu mwaka 1928, yakaenda bandarini Dar es Salaam.

Lakini vyama vilivyorudi havikuwa vile vilivyozaliwa kwenye mizani. Viliundwa kwa amri kutoka juu, kila mkoa na chama chake, na vilianza na madeni. Miaka ya mwisho ya 1980 mkulima aliuza pamba akabaki na karatasi mkononi akisubiri fedha, msimu mmoja hata ukaingia mwingine. Kwa hiyo mwaka 1994 Serikali ilipofungua soko kwa wanunuzi binafsi, wakulima wengi waliwapokea kwa furaha, kwa sababu wanunuzi hao walilipa papo hapo. Ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya pamba ilikuwa imehamia kwao. Viwanda vya SHIRECU na Nyanza vikaanza kunyamaza, maghala yakabaki matupu, madeni ya benki yakapanda, na mali zikauzwa, nyingine kwa njia ambazo baadaye Serikali ilibidi izifuatilie.

Kulipwa papo hapo nako kulikuwa na gharama. Wanunuzi waligombania mzigo, na mzigo wowote ulipokelewa. Pamba safi na pamba fifi zikachanganywa, wengine wakanyunyizia maji au kutia mchanga ili uzito upande. Mbegu bora za kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ambazo zamani zilisambazwa kwa kanda, zikachanganyika viwandani. Pembejeo za mkopo zikakosa mtu wa kuzitoa, maana nani atamkopesha mkulima dawa ya funza wa vitumba ikiwa pamba itauzwa kwa mwingine? Msimu wa 2005/06 nchi ilivuna tani zipatazo 376,000, kiwango cha juu sana katika historia yetu, lakini misimu iliyofuata ikapanda na kushuka, na bado wakulima wengi wanapata kilo 200 au 300 kwa ekari.

Wakati huohuo ardhi ileile ikaanza kutoa dhahabu kwa kishindo. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na pembeni yao wachimbaji wadogo wakajaa kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na makarasha ya kusagia mawe ya Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Kijana wa Geita ana hesabu yake, na siwezi kumlaumu. Soko la madini lilifunguliwa Geita Machi 2019, na mwenye gramu chache huingia, hupimiwa mbele ya macho yake, huelezwa bei ya siku hiyo na hutoka na fedha. Mwaka huohuo 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likaanguka, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi.

Tofauti ya pamba na zao jingine la kiwandani pia inafaa kuangaliwa. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari kwa siku chache tu, ndiyo maana kiwanda cha sukari cha Kagera kimekaa katikati ya mashamba yake. Pamba haiharibiki upesi, na uvumilivu wake huo umetugharimu: sehemu kubwa ya nyuzi zetu inasafirishwa nje ikiwa ghafi, na nguo zinarudi kwa bei ya wenye viwanda.

Tangu mwaka 2018 ununuzi wa pamba umerudishwa kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Mizani ya kidijitali imeanza kufika vituoni. Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu chama cha msingi kinaweza kukopa kwa benki inayoelewa msimu wa mvua. Hizi ni hatua za kweli. Hata hivyo, katika mikutano ya vijiji bado yanasikika maneno ya zamani: karani amekata kilo, dawa imechelewa, fedha haijafika.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanachama wa AMCOS za Shinyanga, Kahama, Kishapu na Geita. Kabla ya kuchagua viongozi wa msimu ujao, daini taarifa ya COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, isomwe mkutanoni, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma ikibidi, muelezwe kama chama kimepata hati safi au la. Chagueni tena, kama walivyofanya wazee wenu, mtu wenu wa kusimama kando ya mizani siku nzima ya ununuzi. Na kwa Bodi ya Pamba na Tume ya Maendeleo ya Ushirika: wekeni idadi ya siku ambazo mkulima lazima awe amelipwa, na chama au mnunuzi atakayezipitisha asiruhusiwe kununua msimu unaofuata.