Gemu la kutoa jasho: sensa inajuaje kwamba umeruka?

Tuseme ukweli, wengi wetu tunakaa kafe masaa mawili kwenye gemu na kinachochoka ni kidole gumba tu. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Je, gemu lenyewe linaweza kutunyanyua kwenye kiti? Linaweza bwana.

Lilikotoka
Mwaka 1965 Wajapani walianza kuuza Manpo-kei, kidude cha kiunoni cha kuhesabu hatua. Mwaka 1998 ikaja Dance Dance Revolution ya Konami, unakanyaga mishale kwa miguu. Mwaka 2006 Nintendo wakatoa Wii, rimoti yake ikiwa na akselerometa. Mwaka 2019 wakaleta Ring Fit Adventure: sensa moja unaifunga pajani, nyingine iko kwenye ringi unayoibana kwa mikono.

Inavyofanya kazi
Akselerometa imo hata kwenye simu janja nyingi za bei chee. Ukisimama tuli inasoma kama 9.8, ule mvutano wa dunia wa kwenye fizikia. Ukiwa hewani inashuka karibu na sifuri, ukitua inapanda ghafla. Programu ikiona mfuatano huo inajua umeruka. Hata urefu inapata: muda wa hewani zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa 9.8, gawanya kwa 8. Sekunde 0.4 ni kama sentimita 20.

Ifungwe wapi?
Hapa ndipo wengi wanachemsha. Tenisi ya Wii unaweza kuicheza umekaa kwenye kochi, unatikisa kiganja tu na pointi zinaingia! Sensa ikiwa kiunoni au pajani, huwezi kuidanganya kirahisi. Lazima mwili mzima uende.

Tuchukue rede
Rede mnaijua: wawili wanarushiana mpira, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Kwenye gemu, simu inafungwa kiunoni kwa kipande cha khanga, kaza isichomoke. Kioo hukioni, kwa hiyo sauti ndiyo inaongoza: "Kushoto! Ruka! Inama!" Ukikwepa kwa wakati, chupa inajaa. Ukianza kuchelewa, mpira upunguze kasi, siyo kukutoa mchezoni, maana aliyechoka ndiye anayehitaji mazoezi zaidi. Weka mapumziko, na mwenye magoti mabovu apewe hatua badala ya kuruka. Lisitumie bando, likae kwenye simu. Mdundo uwe wa ngoma, na wapigaji tunao hapa hapa TaSUBa.

Kwa nini nalisema hili? Mtaani kwetu dada zetu walikuwa mabingwa wa rede hadi darasa la saba. Walipofika form one wakaacha, wanaona aibu kurukaruka mbele za watu. Simu kiunoni, uani kwa mama, nani atawacheka?

Rede ya mchangani bado ni tamu kuliko yoyote. Ila kama uwanja umejengwa nyumba na jua ni kali, bora hii kuliko kukaa.

Wadau mnaojua kuandika programu, mnasemaje? Na ningeanza na rede au kombolela? Mwageni maoni.