Masoko yanayoelea: Urithi wa mito unaokabiliwa na ushindani wa barabara

SOKO linaloelea ni mkusanyiko wa mashua na mitumbwi ambamo watu huuza na kununua bidhaa juu ya maji. Masoko ya aina hii yalistawi Kusini-mashariki mwa Asia, hususan Thailand, Vietnam na Indonesia, katika maeneo ambayo mito na mifereji ndiyo iliyokuwa njia kuu ya usafiri. Leo yanakabiliwa na swali zito: je, yataendelea kuwa mahali pa jamii, au yatageuka maonyesho ya watalii?

Mojawapo ya masoko mashuhuri ni Cai Rang, lililopo kilomita sita hivi kutoka katikati ya jiji la Can Tho, katika delta ya Mto Mekong nchini Vietnam. Biashara huanza kabla ya mapambazuko. Mashua kubwa huleta mananasi, maboga, kabichi na viazi vitamu kwa bei ya jumla, na wachuuzi wenye vyombo vidogo hununua na kuvisambaza.

Kwa kuwa kelele za injini humeza sauti, muuzaji hutundika sampuli ya bidhaa yake kwenye ufito mrefu ili ionekane kwa mbali. Penye kuti la mnazi, kinachouzwa ni chombo chenyewe. Nguo zilizoanikwa haziuzwi. Ni za familia inayoishi humo. Kahawa na tambi za moto hupitishwa kwa mitumbwi, hivyo soko huwa pia baraza la habari na makazi.

Kupungua kwa masoko hayo kumetokana kwa kiasi kikubwa na maendeleo ya nchi kavu. Daraja la My Thuan lilifunguliwa mwaka 2000 na lile la Can Tho mwaka 2010, na malori yakaanza kubeba mazao moja kwa moja kutoka mashambani. Ujenzi wa kingo za mto nao umepunguza nafasi za kupakua mizigo, huku vijana wengi wakitafuta ajira mijini na viwandani.

Uamuzi wa kiutawala pia waweza kuliua soko. Mwaka 2002, soko la Phung Hiep, kwenye makutano ya mifereji saba, lilihamishwa kwa sababu za usalama wa vyombo majini. Makao mapya hayakurudisha uhai wake wa awali.

Vietnam iliitambua Cai Rang kuwa urithi wa taifa wa utamaduni usioshikika mwaka 2016. Hata hivyo, hadhi hiyo pekee haimpatii mfanyabiashara mteja.

Thailand inatoa mafunzo mawili. Damnoen Saduak, kwenye mfereji wa kilomita 32 uliochimbwa kati ya 1866 na 1868, sasa hutegemea zaidi wageni na bidhaa za kumbukumbu. Amphawa, lililofufuliwa mwaka 2004 kama soko la jioni za mwishoni mwa wiki, limewavutia Wathailand wenyewe, ingawa biashara nyingi hufanyika kandokando ya mfereji.

Utalii unaweza kuongeza kipato, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya mkulima na mchuuzi. Bila gati za kupakulia, maji safi, uzoaji wa taka na shule kwa watoto wa mashuani, familia hizo zitahamia nchi kavu, na mto utabaki na watazamaji wasio na cha kutazama.