Mwanafunzi wa unif: feza yake inapotelea wapi?

Watu wakisikia mwanafunzi wa chuo kikuu amekosa mtihani juu ya franka, mara moja wanasema: huyo alikula feza ya wazazi. Inafikaka. Lakini Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, mara nyingi shida inatoka kwingine: siku feza inafika, na mikono inayopitia.

Mzazi anayelima maharagi Masisi ao mihogo Walungu anapata franka kisha mavuno. Chuo nacho kinadai kwa tranche, na tranche inafunga karibu na mitihani. Asiye na bordero anatolewa ndani ya sale. Enzi za UNAZA (1971 hadi 1981) serikali ilikuwa inatoa burse. Leo karibu mzigo wote uko kwa familia.

Halafu kuna dola. Vyuo vingi vinahesabu kwa dola, mwanafunzi analipa kwa franka, na kila mahali kuna kiwango chake. Tuseme unadaiwa dola 200. Kambiste anahesabu franka 2 800 kwa dola moja, chuo kinahesabu 2 850: umeongeza franka 10 000 bila kula kitu. Noti ya dola ikiwa na kapasuko kadogo, wanaikataa ao wanaikata bei. Kwa hiyo uliza kwanza kiwango cha chuo, kisha uende kwa kambiste.

Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, banki za mji zilifunga. Bukavu ilifuata mwezi wa pili. Feza ikabaki kupita kwa telefone. Mawakala walikosa noti, wengi wakapandisha komisio. Aliyetumiwa dola 50 hakuwa anashika 50.

Nyumba njo inameza zaidi. Bayere wengi wanadai garanti ya miezi sita, kumbe sheria n° 15/025 ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu, na inarudishwa ukitoka kama hukuharibu kitu. Ni wachache wanaoisimamia, ni kweli. Hata hivyo, omba karatasi iliyosainiwa. Bila karatasi hakuna kesi.

Wanafunzi wenyewe wanajisaidia kwa likelemba. Watu kumi wakitoa dola 5 kila juma, kila mmoja atashika 50 mara moja. Wa kwanza amepata mkopo bila faida, wa mwisho amejiwekea akiba tu. Kwa hiyo msipige kura ovyo: pangeni zamu kufuatana na tarehe za tranche. Hatari ni yule anayeshika mapema halafu vakansi inamkuta kwao kijijini, telefone imefungwa. Zamu za kwanza zipewe wanaojulikana nyumbani kwao.

MUSO inaenda mbali kidogo. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la ugonjwa na misiba. Mwanafunzi anayeumwa malaria katikati ya mwezi hatagusa feza ya masomo, kama kikundi kimeheshimu rangi hizo.

Na tranche ikitimia, lipa siku ile ile, kisha piga bordero fotokopi mbili. Karatasi zinapoteaka ofisini, na atakayetolewa ndani ya sale si mwenye ofisi.